Mwenzako Akiwa Ugenini, Uliza Kwanza Kama Yu Salama



Siku hizi ni vigumu kupata jumuiya ndogondogo isiyo na nyumba ambayo mmoja wa wazazi yuko Ghuba. Huyu mkewe ni mfanyakazi wa nyumbani kule Riyadh. Yule mumewe ni bawabu Doha au dereva Dubai. Walikaa chini, wakapiga hesabu ya karo na deni, wakakubaliana kwamba mmoja aende na mwingine abaki na watoto. Hatutaki leo kubishana kama walifanya vyema au vibaya. Wamekwisha kuamua, na ndoa yao ingali ndoa. Swali letu ni hili: nyumba hiyo itasimama namna gani kwa miaka miwili ya mkataba?

Somo letu linahusu jambo moja linaloharibu nyumba nyingi za namna hiyo, nalo ni kimya. Simu haiiti. Pesa za mwezi huu zimepungua. Alisema atakuja Desemba na sasa anasema haiwezekani. Aliyebaki huanza kujiuliza, "Yuko na nani huko?" Naye aliye mbali, akiambiwa na jirani kwamba mumewe alionekana sokoni na mtu, hujiuliza swali lilo hilo. Basi maneno makali hupita katika simu, na simu haina uso wa kuonyesha majuto.

Sisi makatekista huketi na wanandoa hawa mara nyingi. Tumeona kwamba aghalabu kilichozaa ugomvi si uzinzi. Ni kitambulisho kilichochelewa, ni laini ya simu, ni saa za kazi, ni kiwango cha kubadilisha fedha. Mambo haya yana maelezo, lakini asiyejua maana haambiwi maana. Kwa hiyo tunawasihi mbadilishe swali. Mwenzako akinyamaza, swali la kwanza lisiwe "Yuko na nani?" bali "Yu salama?" Na ili uulize hivyo kwa moyo mweupe, huna budi kujua anavyoishi.

Tutazungumzia hasa Saudia, kwa kuwa wengi wa akina mama wetu wanaofanya kazi za nyumbani wako huko. Nchi jirani tutazitaja pale sheria zake zinapotofautiana.

1. MIEZI MITATU YA KWANZA

Mgeni anayeingia Saudia kwa kazi hufika na viza tu. Baada ya hapo mwajiri anapaswa kumpatia kitambulisho cha ukaazi kiitwacho ikama, na sheria inampa mwajiri siku 90 za kukamilisha jambo hilo. Kabla ya ikama, mgeni ni kama mtu asiye na jina. Bila ikama ni vigumu kufungua akaunti ya benki au kutuma pesa kwa jina lake mwenyewe. Laini ya simu nayo husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole. Ndiyo sababu wengi huanza kwa kutumia simu ya mwajiri au ya mfanyakazi mwenzao, kwa dakika chache, tena mbele ya watu.

Sasa fikiri wewe uliyebaki. Mkeo amekupigia kwa namba usiyoijua, amesema maneno manne, sauti yake ni ya chini, halafu amekata. Ukiwa hujui habari ya ikama utaona dharau. Ukijua, utaona mtu aliyetafuta kwa shida nafasi ya kukuambia kwamba amefika.

Mshahara nao ni hivyo hivyo. Hulipwa mwezi ukiisha, wala si siku ya kuwasili. Tena familia nyingi zilikopa kwa ajili ya pasipoti, vipimo vya daktari na nauli za kwenda na kurudi Nairobi. Kwa hiyo msipange kujenga wala kununua kitu katika miezi mitatu ya kwanza. Aliyebaki na ajiandae kuilisha nyumba kwa muda huo kama vile hakuna aliyesafiri. Wanandoa wakiambizana jambo hili kabla ya safari, ugomvi mwingi huwa umekufa kabla ya kuzaliwa.

2. SAA NA SIKU ZA HUKO

Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain zina saa sawa na zetu. Falme za Kiarabu na Oman zimetutangulia kwa saa moja: ikiwa hapa ni saa tatu usiku, Dubai ni saa nne. Ni tofauti ndogo, lakini kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri, saa moja ya usingizi ni mali.

Kanuni za Saudia zinampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa wiki. Hata hivyo, kilichoandikwa na kinachotendeka ni vitu viwili. Mwezi wa Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kutokana na masimulizi ya Wakenya zaidi ya 70 waliowahi kufanya kazi za nyumbani Saudia. Wengi walieleza jinsi walivyofanya kazi kwa zaidi ya saa 16 kwa siku, wakanyimwa siku ya kupumzika, na pasipoti zao zikachukuliwa. Si kila nyumba iko hivyo. Wako waajiri wenye utu, na wako dada zetu waliorudi wakiwasifu. Lakini usichukulie kwamba mwenzako anaweza kuchukua simu wakati wowote apendao.

Mwezi wa Ramadhani nao hugeuza usiku kuwa mchana. Wenye nyumba hufuturu jua likizama, wageni huja, na daku huandaliwa kabla ya alfajiri. Anayepika na kuosha vyombo hulala saa ambazo wewe uko shambani. Ramadhani husogea mapema kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo tazameni kalenda pamoja, na mwezi huo mpunguze matarajio ya simu. Ujumbe mfupi wa sauti, ambao mwenzako atausikiliza akipata nafasi, ni bora kuliko kumpigia mara kumi na mbili.

Wanaofanya kazi nje, kama mafundi wa ujenzi, wana tatizo la joto. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45. Saudia imekataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri, toka tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba. Mume anayekujibu kwa neno mojamoja jioni ya Julai huenda hana hasira nawe. Huenda amechoka mpaka mifupani.

Jambo lingine ni la mitambo. Katika Falme za Kiarabu, kwa miaka mingi kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, ingawa maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Watu wa huko hutumia programu zilizoruhusiwa, kama Botim. Tumewasikia wanaume wakiapa kwamba wake zao wa Dubai wamewafungia simu, kumbe ni nchi nzima iliyofungiwa. Kuuliza si ujinga. Kabla mtu hajasafiri, ulizeni waliotangulia ni njia gani ya simu inayopita katika nchi hiyo, nanyi nyote wawili muiweke katika simu zenu.

3. KUTOKA HUKO SI KAMA KUPANDA BASI

Msiba unapotokea nyumbani, wazee husema, "Mwambieni aje amzike mama yake." Asipokuja, huitwa mtu asiye na moyo. Wapendwa, mjue ya kuwa mgeni wa Ghuba hawezi kila mara kutoka kwa hiari yake. Saudia, kutoka nchini na kurudi huhitaji kibali, na kwa mfanyakazi wa nyumbani kwa kawaida kibali hicho huombwa na mwajiri. Mageuzi ya sheria za kazi yaliyoanza Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wa makampuni nafasi ya kuomba wenyewe, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Qatar ni tofauti: tangu Januari 2020 mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuondoka bila kibali cha mwajiri, ila humpa taarifa saa 72 kabla. Sheria hizi hubadilika, hivyo yafaa kuuliza ubalozi wetu kabla ya kutoa ahadi ya kuja likizo.

Hapa tunawaonya hasa ninyi mliobaki. Mwenzako akilalamika kwamba kazi ni ngumu, usimwambie kwa haraka, "Toka hapo, tafuta nyumba nyingine." Kule Saudia, mfanyakazi akitoka kwa mwajiri bila utaratibu, mwajiri anaweza kumripoti kwamba ametoroka. Wakenya wa huko humwita mtu kama huyo kemboi, yaani mkimbiaji. Baada ya kuripotiwa, ukaazi wake si halali tena, anaweza kukamatwa, na kurudi nyumbani kunakuwa kugumu kuliko kwanza. Mtu anayepigwa au kuviziwa ni habari nyingine, na huyo lazima atoke. Lakini atoke akielekea mahali pa msaada: ubalozi, polisi au ofisi ya kazi. Asielekee kwa rafiki wa rafiki aliyemwahidi mshahara mkubwa mtaani.

Basi, ikitokea msiba na mwenzako hawezi kuja, wewe uliyebaki ndiwe mdomo wake mbele ya ukoo. Simama uwaeleze wazee sheria ilivyo. Usimwache ahukumiwe na watu wasiojua hata jina la mji anaoishi.

4. PESA NA DAFTARI LAKE

Mali bila daftari huisha bila habari. Hakuna mahali methali hii ilipo kweli kuliko katika nyumba yenye mtu ng'ambo.

Kwanza mwelewe kiwango cha kubadilisha fedha. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986: riyali 3.75 kwa dola moja. Kwa hiyo riyali haichezi mbele ya dola, bali shilingi yetu ndiyo ichezayo. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Sasa fanyeni hesabu. Riyali 1,000 ni dola 267 hivi. Kwa shilingi 160 hizo zilikuwa kama Sh 42,700. Kwa shilingi 129 ni Sh 34,400. Mke alituma riyali zilezile, na mume akapokea pungufu ya zaidi ya Sh 8,000. Bila daftari, mume atasema ameanza kumpa mtu mwingine. Dawa yake ni nyepesi: kila mara pesa zinapotumwa, aandike kiasi cha riyali, ada ya kutuma na kiwango cha siku hiyo. Naye anayepokea aandike zilizofika na zilikokwenda.

Pili, gawanyeni mshahara kwenye karatasi kabla haujapatikana. Tuchukue mfano wa riyali 1,000 kwa mwezi, kwa kiwango cha shilingi 129. Riyali 100 zibaki naye. Msimnyime hizo. Anahitaji sabuni, vitambaa vya hedhi, dawa ya kichwa na bando za simu, na mtu asiye na hata riyali kumi mfukoni ni rahisi kunaswa na mwenye hila. Zilizobaki ni kama Sh 31,000, na baada ya ada ya kutuma tuseme Sh 30,000. Basi Sh 10,000 ziwe za chakula na matumizi, Sh 8,000 za karo na nguo za shule, Sh 5,000 za deni, na Sh 7,000 za akiba.

Sh 7,000 kwa miezi 24 ni Sh 168,000. Itazameni sana hesabu hiyo. Haitoshi nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Yatosha kumalizia nyumba iliyokwisha kuanzwa, au kununua ng'ombe wa maziwa na kumjengea zizi, au kuanzisha duka dogo. Wanandoa wengi hugombana mwishoni mwa mkataba kwa sababu kila mmoja alijenga ghorofa moyoni mwake, na pesa hazikuwahi kuwa za ghorofa. Afadhali kukata tamaa kidogo leo juu ya karatasi kuliko kushtakiana baada ya miaka miwili.

Tatu, jina. Akiba iwe kwenye akaunti au SACCO ambayo nyote wawili mnaona salio lake. Ploti ikinunuliwa, iandikwe kwa majina ya wote wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Inatambua pia kwamba mchango si pesa tu: kulea watoto, kutunza nyumba na kulima shamba la familia ni mchango. Lakini Mahakama ya Upeo ilieleza mwaka 2023 kwamba mgawo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe, bali mchango wa kila mmoja huonyeshwa. Hatulisemi hili ili mjiandae kwa mahakama. Twalisema ili mjue kwamba daftari na risiti humlinda aliye mbali na aliye karibu pia. Kama kuna jambo la kutia sahihi wakati mmoja hayupo, aandike hati ya uwakili mbele ya ubalozi au wakili, ikitaja jambo hilo moja tu.

Nne, ndugu. Mtu akiwa Saudia, binamu huongezeka. Amueni pamoja kiasi cha kuwasaidia wazazi wa pande zote mbili, na anayebaki ndiye awe wa kusema "hapana" kwa wengine. Msimsukumie mzigo huo yule aliye mbali, kwa kuwa usiku wake ni mfupi.

5. ANAYEBAKI NAYE YUKO UGENINI

Mpaka sasa tumemtetea zaidi aliyesafiri. Lakini mume anayesuka nywele za binti kwa mara ya kwanza, au mke anayefanya maamuzi yote ya shamba peke yake, naye yuko katika nchi ngeni. Analala peke yake. Anachekwa. Wanaume wenzake humwita mlezi. Akina mama hujiuliza kwa sauti anakula pesa za nani.

Kwa hiyo wewe uliye ng'ambo, usipige simu kukagua tu. Usianze na "Pesa zimeenda wapi?" Anza na "Baba watoto, umelalaje? Mtoto kikohozi kimepoa?" Ukimwambia mbele ya watoto kwamba kazi yake unaiona, umemwongezea nguvu kuliko elfu mbili za M-Pesa. Tena usiagize mambo kupitia dada yako au mama yako. Mwambie mwenyewe. Mume au mke anayesikia habari za nyumba yake kutoka kwa shemeji hujiona mfanyakazi wa familia.

Nawe uliyebaki, yapo mambo usiyopaswa kuficha hata kama ni kwa huruma. Mtoto akifukuzwa shule, mwambie. Ukiugua, mwambie. Mficha maradhi kilio humfichua, na mtu wa mbali akigundua jambo moja lililofichwa, atadhani yako kumi. Hakikisha pia kwamba wewe na watoto mmesajiliwa katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na michango imelipwa. Ugonjwa mmoja wa ghafla bila bima humaliza akiba ya mwaka mzima, na kueleza hilo kwa simu ni kugumu.

6. SALA NA UPWEKE

Saudia hakuna kanisa hata moja. Mkatoliki aliyezoea Misa ya kila Dominika hukaa miaka miwili akisali chumbani kwake kwa sauti ya chini. Nchi za jirani ni tofauti. Doha kuna kanisa la Bikira Maria wa Rozari tangu 2008. Dubai, Abu Dhabi, Kuwait, Bahrain na Muscat pia kuna parokia. Katika nchi ambazo mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, parokia huweka Misa siku ya Ijumaa ili wafanyakazi wapate nafasi. Falme za Kiarabu zilihamishia mapumziko Jumamosi na Dominika mwaka 2022. Mwenzako akikuambia alikwenda kanisani Ijumaa, usicheke wala usishuku.

Kwa walio Saudia, tunapendekeza jambo moja dogo. Chagueni saa ya usiku ambayo kila mmoja, popote alipo, atasali kwa ajili ya mwenzake na watoto, hata kwa dakika tatu. Haihitaji simu wala bando. Wako waliotuambia kwamba saa hiyo ndiyo iliyowazuia wasikubali urafiki ambao wangeujutia. Upweke ni mlango, na mtu asipousema utafunguliwa na mwingine. Mwambie mwenzako bila aibu, "Leo nimekuwa mpweke," naye asikujibu kwa kukuhoji.

7. KIMYA KINAPOKUWA HATARI

Tulisema uulize kwanza kama yu salama. Swali hilo si la maneno matamu tu. Yako mara ambapo jibu ni hapana, na hapo anayepoteza siku akimshuku mwenzake anapoteza muda wa kumwokoa. Fanyeni haya kabla ya safari:

(a) Hakikisheni kwamba ajenti ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi. Msitie sahihi mkataba msioweza kuusoma.

(b) Nakala za pasipoti, viza, mkataba na tiketi zibaki nyumbani. Andikeni jina la mwajiri, simu yake, mji na mtaa, pamoja na jina la ajenti wa hapa na wa huko.

(c) Jifunzeni wote wawili namba ya ubalozi wa Kenya katika nchi hiyo, nao uko Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Kuwait na Muscat. Aliyesafiri aikariri kichwani, kwa maana simu huweza kuchukuliwa.

(d) Wekeni neno la siri. Mathalani, akisema, "Nisalimie shangazi wa Kitale," nanyi hamna shangazi Kitale, maana yake ni kwamba yuko hatarini na hawezi kusema.

Kimya kikitokea, tunashauri hivi. Siku tatu zikipita, tuma ujumbe mmoja wa upole, kisha uulize wenzake waliosafiri pamoja naye. Usiandike matusi, kwa sababu hujui ni nani anayeshika simu hiyo. Siku saba zikipita, nenda kwa ajenti ukiwa na barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Akikuzungusha, nenda ofisi ya kazi ya kaunti, na uandikie Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora na ubalozi, ukiambatisha nakala zile ulizohifadhi. Lakini ukisikia neno la siri, au ukijua kwamba anapigwa, ananyimwa chakula au anaingiliwa chumbani, usihesabu siku. Anza siku hiyo hiyo.

Na akisema anataka kurudi kabla ya mkataba kwisha, usimwambie, "Vumilia, deni halijaisha." Deni la mikono miwili hulipika. Mtu hanunuliki.

8. SIKU YA KURUDI

Kubalianeni tarehe ya mwisho kabla ya tarehe ya kwanza. "Nitarudi tukimaliza kujenga" si tarehe. Mkataba mmoja ukiisha, kaeni mpime upya mkiwa wawili, ana kwa ana ikiwezekana, kabla ya kutia sahihi wa pili.

Anaporudi, msitarajie mtu yuleyule aliyeondoka. Mtoto mdogo anaweza kumwita shangazi. Anaweza kuamka alfajiri akitafuta vyombo vya kuosha. Anaweza kukuta mumewe amejua kupika na hataki kunyang'anywa sufuria. Jipeni majuma kadhaa bila wageni wengi na bila kufungua daftari. Kisha siku moja lifungueni pamoja, ukurasa kwa ukurasa, mshukuruni kwa yaliyofanyika, na yaliyoharibika myaseme mara moja tu.

MASWALI YA KUJADILI WAWILI

1. Je, ninajua mwenzangu huamka saa ngapi, hulala saa ngapi, na analala mahali gani?
2. Nakala za hati zake ziko wapi hivi leo? Naweza kuzipata usiku?
3. Tuna daftari moja la pesa au kila mmoja ana hesabu yake moyoni?
4. Neno letu la siri ni lipi?
5. Mara ya mwisho mwenzangu aliponyamaza, swali langu la kwanza lilikuwa lipi?

Swali la tano mlijibu mwisho, tena polepole. Kama mmoja wenu yuko ng'ambo hivi sasa, mtumie maswali haya, kisha chagueni jioni moja ambayo nyote mna nafasi, mwanze na lile la kwanza.